Nilivyotafuta chuo cha misitu miaka ya tisini, nikaishia kusomea juu ya duka la misumari Kericho

Wakuu, chamgei mising, ndiyo salamu ya kwetu.

Mimi huwa nasoma tu hapa na kuondoka kimya kimya. Lakini wiki iliyopita kijana mmoja aliuliza: "Nataka course ya conservation au natural resources, chuo kizuri, karo nafuu. Nisaidieni."

Majibu yakamiminika. Huyu anataja chuo, yule anabandika picha ya geti, mwingine anasema "njoo inbox". Hakuna hata mmoja aliyesema amefika huko kwa miguu yake.

Nilikasirika mpaka chai ikapoa mkononi. Kwa hivyo leo natoa yangu. Sitaongeza chumvi, haihitaji.

Mimi ni mama wa watu sasa, lakini wakati huo nilikuwa msichana wa Boito, kule Konoin. Kwetu ni chai mpaka mlangoni. Nilimaliza Form Four na C plus, ile grade ya kukuweka katikati. University haikutaki, na wewe kurudi kuchuna chai hutaki.

Nilitaka misitu. Sababu ni chemichemi.

Chini ya shamba letu kulikuwa na chemichemi. Nikiwa mdogo, unaweka debe, unahesabu mpaka ishirini, limejaa. Nilipofika Form Four unaweza kusuka nywele za mwenzako huku debe likijaa. Kitu pekee kilichokuwa kinanawiri pale ni blugamu, yaani mikaratusi, za baba yangu, alizopanda kando ya maji na kujivunia sana.

Hakuna aliyeniambia kwa nini maji yanapungua. Mwalimu alisema ni mvua. Pasta alisema ni dhambi. Mzee wangu alisema nichote maji niache maswali.

Na ukitaja misitu kila mtu alikuwa na jibu lake. Nenda nursing, chuo cha Kaplong si mbali. Nenda ualimu. Nenda ujifunze typing. Jirani mmoja aliniuliza kama nitakimbizana na wachoma makaa nikiwa na sketi. Nilimwambia ndiyo.

Sasa shikeni jambo moja. Tulikuwa watoto saba, na Mzee alikuwa na sheria: kila mtoto nafasi moja ya chuo. Ukiipoteza, unabeba kikapu cha chai kama wengine, na nafasi inaenda kwa anayekufuata. Hakuwa mtu mbaya. Shamba ni dogo na watoto ni wengi, basi. Anayenifuata alikuwa Kiprotich, na alikuwa tayari Form Three.

Nafasi moja tu.

Nyinyi mnalia bundles zimeisha. Sisi tulitafuta chuo kwenye bucha! Mwenye bucha alikuwa anafungia watu nyama kwa magazeti ya zamani, na mimi nilikuwa nasimama hapo nikisoma matangazo kabla hayajalowa damu. Siku moja nilifuata kilo moja ya nyama mpaka nyumbani kwa watu ili nikopi anwani. Mama wa boma alidhani nimekuja kula.

Niliandika barua tatu. Chuo cha kwanza hakikujibu mpaka leo. Cha pili kilinitumia fomu ya ufugaji wa nyuki, bila maelezo yoyote. Cha tatu, cha serikali, kilijibu baada ya miezi minne: course ipo, ni certificate, karo si kubwa, nafasi zimejaa, jaribu mwaka ujao. Karatasi yenyewe ilikuwa ya kijivu, maandishi yamefifia. Niliitupa chini ya godoro.

Hapo ndipo akaingia baba mdogo.

Baba mdogo, ndugu ya baba, alikuwa karani pale kituo cha kununulia majani ya chai, tunaita buying. Kama hukukulia kwenye chai, nikueleze. Hupimiwi hivi hivi. Unamwaga kikapu chako chote juu ya meza, na karani anageuza majani kwa mkono kutoka chini. Watu ni wajanja, wanapanga majani laini juu, chini wanaficha yaliyokomaa na vijiti. Akiyapata, anakurudishia ubebe nyumbani.

Sifa za baba mdogo zilifika mpaka Chebunyo, ambako hata chai hawalimi. Alishawahi kumrudishia mama mkwe wake majani mbele ya watu. Hakulala vizuri mwezi mzima, lakini alimrudishia.

Mtu huyo, wakuu, ndiye aliyeniletea brochure.

Karatasi nzito, inang'aa. Mbele kuna picha ya ndovu. Ndovu, Kericho! Ndani: diploma ya natural resources, karo chini kuliko nursing, walimu wenye uzoefu, "modern tree nursery". Alipewa na mtu wa suti hotelini. Chuo kiko Kericho mjini, karibu na nyumbani. Jina nimeamua kuliacha.

Mzee alipitisha kidole juu ya ile karatasi. "Hii si ya mchezo," akasema. Baba mdogo akatikisa kichwa kama mtu aliyemaliza kazi. Hakuna aliyeuliza swali. Mimi pia sikuuliza, na nilikuwa nimemwaga vikapu mbele ya huyo mtu tangu darasa la nne!

Halafu tukafanya kosa kubwa zaidi. Tulitangaza kanisani.

Jumapili iliyofuata niliitwa mbele, nikaombewa, akina mama wakaimba, watu wakachanga. Kwetu jambo likishatangazwa kanisani na watu wakanywa chai ya maziwa juu yake, limeisha. Kurudi nyuma ni aibu ya ukoo mzima.

Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la misumari na mabati. Vyumba viwili. Chumba cha pili kilikuwa cha typing, kwa hivyo ekolojia nilijifunza huku ukuta ukipiga taka-taka-taka.

Mwalimu alikuwa mmoja. Asubuhi misitu, mchana bookkeeping. Alikuwa anatusomea notes kutoka kwa daftari lake la zamani, na akifika mahali ukurasa umechanika anasema, "Hiyo tutaifikia mbele." Siku moja nilimuuliza kuhusu chemichemi yetu. Akasema haiko kwenye silabasi.

Ile nursery ilikuwa nyuma ya jengo, kando ya tangi la maji. Mistari minne ya miche kwenye vifuko vya nailoni. Tulikatazwa kuigusa, eti isisumbuliwe. Nilianza kuona ajabu: miche haikui. Inakauka, halafu Jumatatu unaikuta ni mibichi tena.

Nilijua tangu wiki ya tatu. Nataka niseme hili wazi. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ya kanisa. Nikaandika nyumbani kwamba masomo ni mazuri. Nikakaa mpaka term ya pili.

Term hiyo ndiyo Mama alikuja kunitembelea, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Hakutaka kuona darasa. Akasema tu, "Nionyeshe mahali mnapanda."

Mama hajasoma sana, lakini miche yote ya chai yetu aliikuza yeye mwenyewe kutoka kwa vipandikizi. Alisimama pale nursery, akaangalia. Akainama, akashika mche mmoja, akavuta. Ukatoka kama kijiko kwenye uji.

Chini hakukuwa na mzizi hata mmoja. Ni tawi, limekatwa kwa panga, likadungwa kwenye udongo. Akavuta wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu. Mlinzi akaanza kupiga kelele.

Mama aliweka tawi moja kwenye mkoba. Akaniuliza, "Umejua tangu lini?"

Nilimwambia ukweli. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tulirudi naye nyumbani. Siku ya kupeleka majani nilienda naye buying, nimebeba kikapu. Foleni ilikuwa ndefu, majirani wote wako hapo, na baba mdogo yuko mezani na koti lake jeupe.

"Mama Chebet, mwaga."

Mama akamwaga. Majani mazuri, mawili na kichipukizi. Na katikati yake, lile tawi.

"Hii ni nini?"

"Kagua tu, Karani."

Akalishika, akaligeuza, akaangalia chini. "Hii haina mizizi. Mtu amekata branch akadunga kwa mchanga. Hii ni takataka kabisa. Nani amekudanganya na hii?"

"Ni wewe," Mama akasema. "Hii imetoka kwa nursery ya ile college yako. Ile ya ndovu."

Mama mmoja wa Kisii nyuma yetu, jirani wa miaka mingi, akasema kwa sauti, "Karani, si urudishe? Sisi huwa unaturudishia."

Watu walicheka. Baba mdogo alipima majani yetu, akaandika risiti, akaita anayefuata.

Nyumbani Mzee alisema maneno machache. "Nafasi ilikuwa moja."

Jumatatu nilibeba kikapu. Kiprotich alikuwa Form Four sasa na nafasi ilikuwa yake. Kile chuo hakikurudisha chochote, kila ukienda mkubwa wao ametoka kidogo. Nilichuna chai miezi mingi. Nililia sana, na uzuri wa chai ni kwamba ukiinama hakuna anayekuona.

Halafu Jumapili moja, wakati wa matangazo, baba mdogo akasimama. Si mtu wa kusimama kanisani. Alikuwa anakaa nyuma karibu na mlango.

"Mimi hukagua majani ya kila mtu hapa," akasema. "Hata ya mama mkwe. Lakini college ya huyu mtoto nilipokea bila kumwaga. Kosa si yake, ni yangu. Kama kuna kitu ya kurudishwa, mrudishieni nafasi yake."

Mzee aliangalia viatu vyake. Akakohoa, akasema, "Basi aende. Lakini safari hii wewe ndiye utaenda kukagua."

Mimi sikusimama. Nilipaswa kusimama niseme kwamba nilijua tangu wiki ya tatu. Baba mdogo alibeba lawama yote peke yake mpaka akaondoka duniani. Nalisema leo, hapa, mbele yenu.

Nilitoa ile barua ya kijivu chini ya godoro. Tulisafiri siku nzima mpaka hicho chuo cha serikali. Majengo ya mabati, rangi imebanduka, hakuna ndovu popote. Baba mdogo hakuuliza ofisi iko wapi. Aliuliza nursery.

Alivuta mche. Mizizi. Akavuta mwingine. Mizizi. Alipofika wa sita, mfanyakazi akapiga kelele, "Mzee! Utatumalizia miti!"

Akawaambia wanafunzi wamwonyeshe mikono. Ilikuwa na sugu na udongo kwenye kucha. Akamwita msichana mmoja. "Wewe. Chemichemi inakauka, na hapo kando kuna blugamu. Ni nini inafanyika?"

Yule msichana alijibu hata kabla hajamaliza kuuliza. Kwamba blugamu inakunywa maji vibaya sana, haifai kupandwa karibu na chemichemi, kwamba pale panataka miti ya kienyeji. Alisema kama mtu anayetaja jina lake.

Miaka yote hiyo! Mwalimu, pasta, diploma ya karatasi inayong'aa, na jibu lilikuwa hapa, kwa msichana mwenye gumboots.

Baba mdogo akanigeukia. "Hii," akasema, "weka kwa mzani."

Nilipata nafasi intake iliyofuata. Ni certificate tu, si diploma, na karo ilikuwa chini ya ile ya chuo cha juu ya misumari. Kiprotich alisoma baadaye, hakunyimwa.

Kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa nyumbani: kumwambia Mzee akate blugamu zake. "Nilikusomesha kupanda miti, unakuja kukata yangu?" Hatukuongea wiki tatu. Ya nne, nilisikia shoka.

Tulipanda miti ya kienyeji mahali pale. Mwaka wa tatu niliweka debe nikahesabu. Thelathini na moja. Si ishirini ya zamani, lakini nywele huwezi kumaliza kusuka.

Sasa, kijana uliyeuliza. Bei nafuu ipo na ubora upo, na mara nyingine viko pamoja mahali penye rangi iliyobanduka. Usimwamini mtu wa suti, wala karatasi, wala mimi. Panda gari uende. Uliza nursery iko wapi, vuta mche, angalia mikono ya wanafunzi. Na ukigundua umedanganywa, sema wiki hiyo hiyo, hata kama kanisa zima lilikuimbia. Mimi kunyamaza kulinigharimu term nzima, na kulimgharimu mtu mwingine heshima yake.

Na nyinyi mliomjibu kwa picha za geti: nani kati yenu amevuta mche huko? Andikeni hapa chini, chuo gani na mliona nini kwenye mizizi. Nangoja, na hasira bado ninayo.