Alisema Imelala, Wakasikia Imezama

Saa mbili asubuhi, jua halijaonekana na wala halina dalili ya kuonekana. Maroa Mirumbe amesimama ndani ya ziwa, maji yakimfika kifuani, anapapasa kitu kwa nyayo zake.

"Kichwa yake iko hapa," anasema, akishika ncha ya ubao inayochungulia juu ya maji. "Mgongo inaenda huku. Tumbo imejaa mawe. Mawe ni yangu, mimi ndiye nilitia."

Kilicho chini ya miguu yake ni mashua ya tanga, ya mbao za mvule, iliyolala kwenye tope la ziwa kwa wiki ya pili sasa. Kila asubuhi Maroa huingia kuondoa matope yanayotaka kuifukia na kupima kama kuna ubao uliofunguka. Halafu hutoka akitetemeka, hukaa kando ya moto, na hana la kufanya ila kungoja mvua hii iishe. Na mvua haiishi.

Hapa anaposimama, chini ya kilima cha Asego, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, miaka mitatu iliyopita palikuwa shamba la mahindi. Ziwa limepanda tangu mvua kubwa za mwaka wa sitini na moja, likala ufuo wa kuvutia mashua, likala shamba, na sasa, Mei 1964, limefika kwenye ua wa mikatani. Wenye nyumba za chini wamehama. Wenye nyumba za juu wanatazama maji na kukadiria zamu yao.

Maroa si mtu wa ziwa. Ni Mkuria kutoka upande wa Kegonga, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, mrefu, mkimya, na mpaka leo hajui kuogelea. "Kwetu tunajua ng'ombe," anasema. "Maji tunajua ya kunywa."

Ng'ombe wenyewe walikwisha. Ukame uliotangulia zile mvua uliwaua mmoja mmoja mbele ya macho yake, na wachache waliobaki wakafa kwa ugonjwa mvua ilipoanza, majani yakiwa yamerudi mpaka magotini. Hilo ndilo linalomuuma zaidi. Wangekufa kwa njaa wote angeelewa, lakini wengine walikufa wameshiba. Mkewe, Nyangi, alibaki kulima kwa jembe la mkono pamoja na binti yao Rael, naye akateremka ziwani kutafuta kibarua chochote.

Kibarua alichopata kilikuwa kimekataliwa na kila mwanamume wa ufuo huu. Mashua ilikuwa ya Javan Obiero, mvuvi wa samaki aina ya ngege aliyefariki mwaka jana kwa homa. Javan aliipa jina la mama yake na alizoea kuiaga jioni kama anavyoagwa mtu. Alipokufa, ukoo wake ulisema mashua nayo ina matanga: mtu wa ukoo hataipanda wala kuvua nayo, mpaka msiba umalizwe kwa sherehe yake. Sherehe inataka nafaka. Nafaka imo ndani ya ziwa.

Basi mashua ikabaki majini, haina ufuo wa kuvutwa wala mikono ya kuivuta. Mjane, Phelesia, ambaye hapa wote humwita Mama Monicah kwa jina la binti yake mkubwa, aliona isipopata mtu haitamaliza mvua. Akamtafuta mtu ambaye msiba ule haukumfunga.

"Nilitaka mgeni," anasema Mama Monicah. "Mgeni ambaye hana hata shangazi hapa. Huyu alikuwa anabeba magunia sokoni. Nikamwambia, Baba Rael, hii mashua ikifa, watoto wangu watakula nini? Akaniuliza, mashua inakula nini? Nikaona huyu ndiye."

Kwa shilingi thelathini kwa mwezi, na unga, Maroa akaanza kuilisha. Wazee wa kazi hiyo walimwelekeza wakiwa wamesimama nchi kavu, kwa kupiga kelele na kuonyesha kwa vidole. Aliung'oa mlingoti ili upepo usipate pa kushika. Alivisha kamba ya nanga magunia mahali inaposuguana na ubao, na kila ziwa lilipopanda aliilegeza, maana kamba fupi huvuta kichwa cha mashua chini. Nyufa aliziba kwa pamba na lami. Tanga alilining'iniza darini kwenye kibanda chake, juu ya moshi wa kupikia, panya na ukungu wasiliguse, naye akalala chini yake. Nguo zake zote zinanuka moshi, na tanga lote linanuka Maroa.

Kubwa kuliko yote lilikuwa debe. Kila mvua ikinyesha alipita majini mpaka kwenye mashua, akipapasa chini kwa mti kama kipofu, akapanda na kuteka maji yaliyoingia, akayamwaga nje. Usiku hakulala vizuri akisikia mvua. Watu walipita wakamtania kwamba Mkuria analihamisha ziwa na limekataa kuhama.

Hakuna aliyetania Jumanne ile.

Tangu ziwa lipande, mafunjo ya kando yameng'oka na kuelea, vipande vizima vya ardhi vyenye mizizi, nyoka na mara nyingine kiboko. Upepo huvisukuma popote upendapo. Jumanne mchana, mvua ikipiga, Maroa aliona kisiwa cha mafunjo kipana kuliko uwanja wa kanisa kinaingia kwenye ghuba, kikielekea moja kwa moja alipofunga mashua. Kisiwa kama hicho hakigongi na kupita. Hukusanya kilicho mbele yake na kuondoka nacho.

"Niliita watu," anasema. "Wako pale juu. Wananiangalia. Naona huruma kwa macho yao, lakini mguu hakuna mtu anatoa."

Alikata kamba ya nanga, akaikokota mashua akiishika kichwa mpaka mahali palipokuwa shamba, nyuma ya visiki vya miti iliyokufa kwa maji. Hakuweza kuipeleka mbali zaidi, na pale ilipoelea upepo ungeivunja juu ya visiki vilevile. Ndipo akakumbuka alivyoona wavuvi wakifanya kiangazi, wanapotaka mbao zivimbe na kushikana: huizamisha mashua wenyewe. Akaanza kubeba mawe ya ukuta wa shamba uliokuwa umefunikwa, akiyatafuta kwa miguu, akiyatia ndani. Mawe yalipotosha akachukua debe, lile debe alilotolea maji tangu mwanzo wa mvua, akaanza kuyarudisha.

Alilia akifanya hivyo. Anasema hivyo bila kuombwa, akitazama pembeni. Aliikandamiza chini kwa mikono yake, ikamwangalia kwa kile kichwa chake, ikaenda, na yeye akalia mpaka akashindwa kupumua.

Kisiwa kilikwama kwenye visiki. Mashua ilikuwa salama, chini, na ncha yake tu ikionekana.

Wakati huo Zilpah, mchuuzi wa samaki, alikuwa anapita njia ya juu na kapu kichwani. Maroa akampigia kelele ampelekee Mama Monicah habari. Kijaluo chake ni cha sokoni, alijifunza kwa akina mama wa samaki, nacho kinamtosha kununua chumvi. Alitaka kusema *yie onindo*, yaani mashua imelala. Meno yalikuwa yanagongana kwa baridi, na mvua ilikuwa inapiga. Zilpah akasikia *yie onimo*. Mashua imezama.

"Mimi nina masikio mbili," anasema Zilpah, bado amekasirika. "Alisema onimo. Nimwongezee neno ya nini? Nilitupa kapu, nikakimbia. Samaki yangu ilibaki kwa matope!"

Mama Monicah alipiga nduru akiwa mlangoni kwake. Nyumba ya pili ikaitikia, na ya tatu. Maroa alipofika akichuruzika maji, boma lilikuwa limejaa watu waliojishika vichwa, na shemeji wa Mama Monicah, Elkanah, alikuwa amekaa chini uani, kwenye mvua, analia kwa sauti kama siku aliyozikwa kaka yake.

"Onindo!" Maroa aliwaambia. "Iko! Imelala tu, mimi nimeilaza!"

Walimsikia. Wengine walishuka wakaiona ncha. Lakini Elkanah, ambaye ndiye anayesimamia mambo ya ukoo, alikuwa ameshafuta macho na kuanza kufikiri, na alichofikiri kilikuwa kibaya kuliko kisiwa.

"Tumeshalia," aliwaambia. "Mashua iliyoliliwa haipandwi na aliyeililia. Sasa mnataka tufanyeje, tulie tena kinyumenyume?"

Katika ufuo huu mzima, kila mtu mwenye mkono wa kushika kasia alikuwa pale na alikuwa amelia, kwa sababu Javan alipendwa. Mashua iliyookolewa ilikuwa nzima kabisa, na haikuwa na mtu.

Maroa anasema siku zile zilimshinda kuliko siku za ng'ombe. Alijiuliza alisema neno gani. Alilirudia kwa sauti akiwa peke yake, hivi na vile, mpaka maneno yote mawili yakawa sawa mdomoni mwake. "Mpaka leo mimi sijui," anasema. "Labda Zilpah ana haki. Labda mimi ndiye nilimwua."

Ijumaa iliyopita Mama Monicah alimwita nyumbani, Elkanah akiwapo, akamwekea kigoda. Alikuwa amekonda. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anakula uji mwepesi ambao mtu angeweza kuona chini ya bakuli.

"Baba Rael," alisema, "siku ile sisi wote tulilia. Wewe ulikuwa huko kwa maji. Nataka uniambie mbele ya shemeji. Wewe ulilia?"

Maroa aliona vizuri kilichokuwa kimekaa nyuma ya swali hilo. Mgeni asiyefungwa na msiba, na asiyelia, angeweza kuipanda. Neno moja lilitosha, na safari hii angelisema kwa Kiswahili, hakuna wa kukosea.

"Nililia," alisema.

Mama Monicah akainamisha kichwa.

"Lakini sikulilia mashua," Maroa akaendelea. "Nilikuwa nasukuma hiyo kichwa yake chini, ikaniangalia vile walikuwa wananiangalia. Nililia ng'ombe yangu. Wote. Wakati walikufa sikupata nafasi."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Elkanah alitazama mikono yake. Akakohoa.

"Ng'ombe si mashua," alisema.

"Ng'ombe si mashua hata kidogo," Mama Monicah akasema, akainuka kwenda kuongeza maji kwenye chai ambayo tayari ilikuwa maji.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Pepo zikitulia mwezi wa saba, Maroa atatoa mawe yake moja moja, atateka maji kwa debe lake na kuiinua. Binamu zake wawili watashuka kutoka Kegonga kuwa wavuvi wenzake. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda mashua. Elkanah atawafundisha kutweka tanga akiwa amesimama nchi kavu, kwa kupiga kelele na kuonyesha kwa vidole. Samaki watagawanywa kwa nyumba mbili, na Maroa anatumaini kwamba siku moja fungu lake litatosha mtamba mmoja, mmoja tu, wa kumpelekea Nyangi.

Kabla ya hapo kuna jambo la kujifunza. Akimaliza kuondoa matope asubuhi hii, hatoki majini. Anashika ncha ya mashua kwa mikono miwili, ananyoosha mwili wake mrefu juu ya maji ya kijivu, na kuanza kupiga miguu. Anameza maji, anakohoa, anashika tena. Mama Monicah amesimama kwenye matope juu yake, gunia limemfunika kichwa.

"Siku nikienda chini, Mama Monicah," anamwambia akihema, "usimtume Zilpah. Wewe mwenyewe uende kwa Nyangi. Useme vizuri. Useme nimelala."

Mama Monicah hacheki.

"Piga mguu," anamwambia.