Mashine Iliyonyonya Nyota

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mashine ya umeme ya Mtwara ilikuwa inanyonya nyota. Niliambiwa hivyo kwenye kijiwe cha kahawa mtaani Ufukoni, na ushahidi niliuona kwa macho yangu: juu ya taa za mjini nyota za kuokoteza, lakini kule kwenye kijiji cha ujamaa karibu na Kilambo, nilikopangiwa kufundisha kisomo cha watu wazima, zimejaa hadi zinasukumana. Tena mimi ni mhitimu wa masomo ya usiku, si mtu wa kudanganywa!

Mke wangu, karani mjini, aligoma kunifuata. "Siendi kuishi gizani," alisema. "Nionyeshe kwanza kuna nini cha kutazama huko."

Nikaazima kamera kwa mpiga picha wa mjini. Usiku mmoja usio na mwezi nikawaomba wanakijiji wazime moto wa mafigani na koroboi zote, zisije zikanyonya nyota zilizobaki. Mwenyekiti akapitisha amri nyumba hadi nyumba.

"Mwalimu, na hiyo sigara yako?" sauti ya mama mmoja ikatoka gizani. "Au hiyo ni ya serikali?"

Nikaizima. Kijiji kizima kikacheka. Nikapindua kinu, nikaweka kamera juu yake, nikakandamiza kitufe kwa dole gumba mpaka likafa ganzi. Lilifufuka baada ya wiki. Mbingu ikashuka. Naapa, ningenyoosha mkono ningechota. Nyota zilivuka mto Ruvuma kwenda nchi ya ng'ambo bila kuulizwa kibali na mtu. Yule mama mtani sasa alikuwa akinong'ona, "Subhanallah, subhanallah," na mimi nilisahau kama nina mke, kamera, au miguu.

Picha ikatoka michirizi mitupu, kama ukuta uliokwaruzwa na paka. Nikampelekea mke wangu hivyo hivyo, nimenywea.

Akaifuata michirizi kwa kidole. "Kumbe zinatembea?"

"Usiku kucha!"

Jumamosi akapanda nami lori la korosho, sufuria zake zote mapajani. Usiku tukalala chali mkekani. Akanishika mkono kama anayeogopa kuanguka juu. Nikaona ndiyo nafasi ya kumweleza habari ya mashine. Akacheka mpaka machozi.

"Mashine inakunywa dizeli, mume wangu. Nyota za mjini ziko palepale. Taa ndizo zinazotuzuia kuziona."