Mshale wa Mama Katika Lori la Zamani

Lori la baba lina umri unaokaribia wangu, na kwa miaka yote ninayoikumbuka wazazi wangu wamelitumia kupeleka samadi na miche ya maua kutoka Riruta hadi kwenye bustani za Spring Valley. Ndani yake kila mmoja alikuwa na kazi yake. Baba alishika usukani na kutazama barabara. Mama, aliyeketi kando ya mlango, alitazama geji ya joto la maji. Mgawanyo huo ulianza baada ya injini kuchemka karibu na Westlands hadi ikaharibika, huku baba akiapa kwamba hakuona mshale ukipanda. Mama alitia tone la rangi ya kucha kwenye kioo cha geji, pale joto linapoanza kuwa la hatari. Tangu hapo, kila mshale ulipolikaribia tone hilo, alisema, "Mzee, simama," na mzee alisimama, hata watu waliokuwa nyuma yetu wakipiga honi na kututukana.

Injini ile ilitengenezwa, lakini hatimaye ilichoka kabisa. Baba akapata injini ya kisasa iliyotolewa katika gari lililogongwa, pamoja na giaboksi yake na kompyuta yake. Fundi wa umeme wa magari aliye jirani yetu Riruta aliiacha dashibodi ya zamani ilivyokuwa, kwa kuwa baba alikataa katakata ikatwe, na akaziunganisha geji zake na kompyuta kwa kisanduku kidogo kilichozitafsiria ishara. Karibu na usukani alibandika skrini ndogo yenye tarakimu, za joto la maji zikiwemo.

Siku ya kulijaribu lori nilikaa katikati yao, na fundi akasimama nyuma penye mzigo. Tulipokuwa Naivasha Road mshale wa joto ulipanda hadi katikati, ukatulia hapo kana kwamba umegundishwa. Mama aliutazama mpaka tuliporudi. Alikigonga kioo kwa ukucha.

"Hii imekufa," akasema.

"Haijakufa, mathe," fundi alimjibu akiwa dirishani. "Gari za siku hizi ziko hivyo. Kompyuta inaushika hapo kati, ndio dereva asipate presha. Utasonga tu kukiwa na shida kubwa."

"Kumbe inanidanganya kwa heshima."

Fundi alicheka peke yake.

"Basi safari ijayo nendeni nyinyi," mama aliendelea, akishuka polepole. "Nitabaki na miche. Mimi si gunia la samadi, nibebwe tu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Wateja siku hizi hupiga simu, na vibarua hushusha mzigo. Ndani ya lori lile hakuwa amebakiwa na kazi nyingine ila mshale. Baba alisimama akiutazama mgongo wake ulivyokuwa ukienda, kisha akafungua boneti bila sababu yoyote niliyoiona.

"Geji yake inaweza kupima maji yenyewe, bila kupitia kompyuta?" alimuuliza fundi.

"Inaweza, mzee. Lakini ya nini? Skrini inakuonyesha kila kitu."

"Skrini ni yangu. Mshale ni wa mama yenu."

Fundi alikitafuta kile kipima joto cha zamani kilichokuwa kwenye injini ya kwanza, akakikuta ndani ya mkebe wa skrubu. Kabla ya kukifunga alitaka kujua kama bado kinasema kweli. Baba akamtuma mtu amwite mama. Fundi aliazima jiko na sufuria kwa muuza chai, akaunganisha waya hadi kwenye geji, akakitumbukiza chombo kile ndani ya maji. Mama aliketi garini. Maji yalipopata moto mshale ulitikisika, ukaanza kupanda.

"Kumbe uko hai!" akauambia.

"Mathe, ikichemka tutie majani?" fundi aliuliza.

"Chai ya chuma kunywa wewe na mzee wako."

Fundi alikata bomba la maji la injini mpya, akatia kiungio cha chuma katikati yake, na humo akakifunga kipima joto. Kisanduku cha kutafsiri hakikuhitajika tena kwa geji hiyo.

Safari iliyofuata tulikwenda sote watatu. Msongamano wa Westlands ulitushika, jua likiwa kali, na lori likajikokota muda mrefu likinguruma. Mshale ulipita mahali pake pa kawaida, ukaanza kulielekea tone la rangi. Kwenye skrini, mbele kabisa ya macho ya baba, tarakimu zilikuwa zikibadilika. Niliziona wazi kutoka nilipoketi. Yeye aliitazama barabara.

"Mama, unasemaje?" aliuliza. "Nisimame?"

Mama aliinama karibu na kioo. Feni ya injini ikavuma mbele yetu. Alingoja mpaka mshale ulipoanza kurudi.

"Usisimame. Unashuka," alisema. "Endelea, lakini polepole."

Baba akaenda polepole.