Barua Zisizo na Mada

Nitaanza na kosa lenyewe, maana nikianza na sababu zake nitajitetea mpaka mwisho. Nilitupa barua nane za mwanamke aliyenilea. Sikuzichana wala sikuzichoma. Niliandika kanuni moja fupi kwenye programu ya kusambaza barua pepe, nikaridhika nayo, na kanuni hiyo ikawa inazitupa kila Jumapili huku mimi nimekaa hapa Juba nikizisubiri.

Mwanamke huyo tulimwita Matroni. Ni Mkenya, na alitunza bweni letu kule Kitale, bweni la watoto ambao vita viliwatoa Sudan Kusini wakiwa wadogo. Wazazi wetu walikuwa kambini, au Uganda, au walibaki huku, au hatukujua. Tulikuwa vitanda ishirini na vinne. Kila jioni baada ya sala Matroni aliita, na hakuita majina. Alisema majina ni ya nyumbani na yeye hataki kuyachakaza. Aliita vitanda. "Kitanda cha kwanza?" "Nipo." "Cha pili?" "Nipo." Mimi nilikuwa cha saba.

Aliyechelewa hakuingia hivi hivi. Alibisha mlango, akataja kitanda chake, kisha akasema, "Nimechelewa, nipo nje." Matroni hakuuliza ulikuwa wapi. Alisema tu, "Ingia. Funga mlango, mbu." Naungama na hili pia: mara kadhaa nilichelewa kwa makusudi, nikajificha nyuma ya tangi la maji mpaka mwito uishe, ili maneno hayo yasemwe kwangu peke yangu.

Bweni lilifungwa, tukatawanyika. Wengine wako Australia, wengine Kanada, Nairobi, Kampala. Tulikuwa tumejaribu vikundi vya simu, lakini mtu akivuka mpaka hubadilisha laini, na akibadilisha laini amepotea. Anwani ya barua pepe haibadiliki. Tena Matroni mwenyewe hataki simu ya kupapasa. Kila Jumapili baada ya ibada huenda kwenye saiba moja, duka la kompyuta za intaneti, karibu na stendi ya Kitale, akaandika kwa kidole kimoja. Kwa hiyo Kitanda cha Kwanza, aliyeko Australia, alianzisha orodha: anwani moja, ukiiandikia barua inatufikia sote.

Jumapili Matroni aliandika neno moja, "Naita." Sisi tukajibu, kila mtu na kitanda chake: nipo. Na kulikuwa na sheria. Asiyejibu Jumapili tatu mfululizo, kitanda kilicho karibu naye kinakwenda kumtafuta. Kwa sheria hiyo tulimkuta mwenzetu mmoja amelazwa hospitali ya Arua bila ndugu.

Orodha ilikabidhiwa kwangu kwa sababu mimi ndiye "wa kompyuta." Sina cheti. Naingiza taarifa katika ofisi moja karibu na uwanja wa ndege, na mambo ya seva nilijifunza mwenyewe, kwa kupakua kurasa za maelekezo asubuhi mtandao ukiwa mzuri na kuzisoma nyumbani, mtaa wa Malakia. Mtu aliyejifunza hivyo huishi na hofu. Kila kitu kikifanya kazi, naogopa kwamba kimefanya kazi kwa bahati. Nilizoea kujitumia barua za majaribio ishirini kabla ya kubadilisha nukta moja.

Mwaka jana seva ya zamani ilifungwa nikalazimika kuihamisha orodha. Programu ilikuwa mpya. Nilihangaika nayo wiki tatu, na siku ilipofunguka, barua taka zikaingia: matangazo ya viatu, ya dawa za nywele, mengine ya aibu, yakawafikia watu wote, pamoja na Matroni. Niliona haya kama mtu aliyepokea wageni nyumba haijafagiwa. Nikachunguza, nikaona matangazo mengi yanafanana kwa jambo moja: hayana mada, ule mstari wa juu unaosema barua inahusu nini.

Programu iliniuliza: barua zisizo na mada nizizuie kando mpaka uzikague, au nizirudishe kwa mwandishi na maelezo, au nizitupe? Nilichagua kutupa. Nilijiambia kuzikagua ni kazi, na kuzirudisha ni kumfundisha mhuni dosari yake. Ukweli ni kwamba nilitaka nikifungua ukurasa wa barua zinazosubiri niukute mtupu. Ukurasa mtupu ulinituliza. Niliufungua mara nyingi kwa siku ili niuone hauna kitu.

Jumapili iliyofuata Matroni hakuita.

Tulingoja. Jumatatu Kitanda cha Kwanza akaandika, mada "Jumapili," akituita yeye badala ya Matroni. Tukabofya jibu, nipo, nipo, nipo. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Mtu akauliza, "Matroni, upo?" Kimya. Sheria ilitutaka tumtume aliye karibu, na hapo ndipo tulipogundua kwamba Kitale hakuna hata mmoja wetu aliyebaki. Simu yake ndogo ilikuwa haipatikani. Mwenzetu wa Nairobi aliahidi kupanda basi, kazi ikambana, akaahidi tena.

Mimi nilikagua. Anwani yake imo kwenye orodha? Imo. Kisanduku chake kimejaa? Hapana. Barua zetu zinamfikia? Zinafika zote. Nilikagua kila njia ya kwenda kwake. Njia ya kuja sikuigusa, kwa sababu niliitengeneza mimi na nilikuwa naionea fahari.

Katika wiki hizo nilijua kukosa sauti ya mtu. Kila Jumapili saa saba mchana, saa ambayo ibada ya Kitale imeisha na yeye anatembea kwenda stendi, nilikaa kitandani nikiburuta ukurasa ushuke, ushuke tena. Nilishamfikiria amekufa. Nilishafikiria pia, na hili liliniuma zaidi, kwamba yu hai na ametuchoka.

Kitanda cha Nne naye yuko Juba, anapakua mizigo ya ndege. Mjomba wake ana shamba Rejaf, na kila Jumapili alinipitia twende.

"Kitanda Saba, toka ndani. Samaki mbichi, mto uko hapo, wewe unakalia simu kama kuku anayeatamia."

"Siwezi. Matroni akiita?"

"Akiita si utaona ukirudi? Ama barua itaoza?"

Nikamgeuzia maneno. "Wewe nyamaza. Hujajibu mwito tangu orodha ihame. Mpaka nimekuandika vibaya."

"Haki nimejibu! Kila Jumapili!"

"Hata bweni ulikuwa unasema hivyo hivyo, umejificha jikoni unakula ukoko."

Alicheka, akaenda zake, na mimi nikabaki na yakini kwamba ni mwongo. Niliiamini programu kuliko mtu niliyelala naye chumba kimoja miaka tisa.

Ilikuwa mchana wa kazi, tumekaa kwenye vibao vya mama wa chai nje ya uwanja wa ndege, alipochoka kusingiziwa. Akatoa simu.

"Angalia. Usipepese macho. Naandika: Nne, nipo. Natuma. Imekwenda?"

Kwenye simu yake ilikuwa imekwenda. Tukangoja kwangu. Mama wa chai akatuletea glasi mbili za chai ya tangawizi. Tukanywa. Akaja kuchukua glasi. Kwangu hakuna kitu.

"Mashine yako inanibagua," alisema. "Inajua mimi ni mpakuaji."

Nilimnyang'anya simu. Alikuwa ameanza barua mpya, hakubofya jibu, na juu, mahali pa mada, palikuwa peupe.

"Huwa huandiki mada?"

"Ya nini? Nasema nipo. Mada ndiyo mimi."

Nilimrudishia simu. Nikainuka, nikakaa tena. Nilimkumbuka Matroni, ambaye hajawahi kubofya jibu maishani mwake, kwa sababu alitufundisha kwamba barua huanzwa kwenye karatasi safi. Na hajawahi kuandika mada. Seva ya zamani ilikuwa ikimjazia yenyewe, "haina mada," ikampitisha.

"Malesh," mama wa chai aliniambia, pole kwa Kiarabu cha Juba, bila kujua ananipa pole ya nini.

Nilirudi ofisini nikafungua logi, ile faili ambamo seva huandika kila kilichopita mlangoni. Seva ikitupa barua haibakishi nakala. Inabakisha mstari: siku, saa, anwani ya aliyeandika, ukubwa, sababu. Nilitafuta anwani yake. Mistari nane. Jumapili nane mfululizo, saba kati ya saa saba na saa tisa mchana, ya mwisho saa kumi na mbili jioni. Imetupwa, haina mada. Imetupwa, haina mada. Nikitoa anwani na mihuri ambayo kila barua hubeba, saba za kwanza zilikuwa neno moja au mawili. Nadhani za mwanzo zilikuwa "Naita." Zilizofuata, tulipokuwa tunamuuliza kama yupo, nadhani zilikuwa "Nipo." Alikuwa akitujibu muda wote.

Ya nane ilikuwa ndefu. Baiti elfu tisa na kitu, yaani karibu herufi elfu tisa. Baada yake, Jumapili tatu, hakuna mstari. Alikuwa ameacha kwenda saiba.

Nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilifungua ukurasa mtupu nikaandika maneno yoyote, neno "nipo" na nafasi, tena na tena, mpaka ukurasa ukafikia ukubwa ule ule, kisha nikauchapisha. Zilitoka karatasi tatu na robo. Nilizishika. Ndivyo nilivyojua urefu wa barua yake, aliyoiandika kwa kidole kimoja.

Niliifuta kanuni siku hiyo hiyo. Kuungama ndiko kulikonishinda. Niliandika maelezo ya kosa, nikaona yana kiburi. Nikaandika mengine, nikaona yananung'unika. Nikaeleza programu inavyofanya kazi, nikafuta. Siku nne zikapita. Kitanda cha Nne alisoma nakala ya sita akichungulia juu ya bega langu.

"Unaandika katiba ama unaomba msamaha?"

"Nataka aelewe kwamba sikukusudia."

"Ulipokuwa unachelewa bweni ulikuwa unamweleza barabara ilivyojengwa?"

Basi nikaandika mara mbili. Kwa wenzangu wote nilieleza nilichofanya kwa mistari mitano, na Kitanda cha Nne nikamwomba radhi hapo hapo mbele ya wote. Kwa Matroni nilianza karatasi safi. Mada sikuandika. Nilisema: "Kitanda cha saba. Barua zako nane nilizitupa mimi bila kujua. Nimechelewa, nipo nje."

Jumapili ya kwanza haikuleta kitu. Huenda hakwenda saiba. Huenda alikwenda, akasoma, akainuka. Wiki hiyo nilikula kwa kulazimishwa.

Jumapili ya pili Kitanda cha Nne alinikuta Malakia akiwa na viatu vya kanisani. "Leo siendi Rejaf," alisema. "Mahindi hayatakimbia." Akakaa mlangoni. Sasa barua zisizo na mada zinazuiliwa kando, nazikagua kwa mkono, moja moja, na siku hiyo zilikuwa nyingi. Viatu. Dawa ya nywele. Viatu. Godoro. Kisha anwani yake.

Nilimpa Nne asome, mimi sikuweza.

"Kitanda cha saba," alisoma. "Ingia. Funga mlango, mbu." Akashusha ukurasa kwa kidole. "Na chini amesema, nilidhani mmekua."

Nne aligeuka akaangalia barabara muda mrefu kuliko barabara ilivyostahili.

Nilivumilia wiki moja ndipo nikauliza kuhusu ile ndefu. Alijibu kwa wote. Alisema alipoona tunamwitikia Kitanda cha Kwanza, na yake hakuna anayeyajibu, alidhani mwito wake umekuwa wa kitoto kwetu, akaona atuachie kitu kabla hajanyamaza. Aliandika vitanda vyote, cha kwanza hadi cha ishirini na nne: siku kila mmoja wetu alipoletwa kwake, aliletwa na nani, amevaa nini, ameshika nini mkononi. "Ilinichukua mchana mzima mpaka kijana wa saiba akafunga mlango mimi bado niko ndani naandika. Sitaandika yote tena. Macho hayakubali. Nitawapa kitanda kimoja kila Jumapili, na nikisahau nimesahau."

Mimi nililetwa mdogo sana. Sikumbuki aliyenileta. Hakuna mtu mwingine duniani ninayemjua aliyekuwapo. Siku yangu iliandikwa, ilifika mpaka kwenye mlango ninaoulinda mwenyewe, na nikaitupa.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya cha tatu. Aliandika: "Alikuja amevaa sweta ya mtu mzima, mikono imekunjwa. Kulikuwa na jambo lingine, limenitoka." Kitanda cha Tatu, huko Kanada, alijibu ahsante. Hakunilaumu, na niliisoma ahsante hiyo mara nyingi.

Ningeweza kumwandikia Matroni aanze na mimi. Nimeshaiandika barua hiyo na kuifuta. Wote niliwatupia siku zao, kwa hiyo nangoja zamu. Bado Jumapili nne. Kila asubuhi kabla ya kazi nafungua ukurasa wa barua zilizozuiliwa, na siku hizi haukai mtupu kamwe: viatu, magodoro, nywele. Nasoma kila moja mpaka mwisho kabla ya kuitupa.