Nusukilo na Mbwa wa Mama Vifungo

Mwenye bucha hana adui, na Nusukilo alilijua hilo. Alikuwa pande la mtu, na jina alipewa na wateja kwa sababu hata umwombe kilo tatu, atakuuliza kwanza, "Nusu kilo?" Mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye kisu, ulimi mwepesi zaidi, na mtu akitoka pale na kifurushi chake alitoka na kicheko juu yake. Kwa hiyo alipoandika barua ya kuwashtaki mbwa wa jirani, hakuhangaika kutafuta wa kumuunga mkono. Aliiweka kando ya mzani, kalamu juu yake, na kila aliyekuwa akingoja nyama yake akatia sahihi. Zikafika kumi na tisa. Wengine waliishi mtaa wa tatu kutoka pale, na hao mbwa hawakuwahi kuwasikia hata kwa bahati mbaya.

Ukweli usemwe, shida alikuwa nayo. Nyama huletwa buchani kabla hakujapambazuka, na sharti awepo kuipokea, kuikagua na kuitundika kwenye kulabu. Mbwa nao walianza kubweka saa tano za usiku wakaendelea mpaka saa nane, palepale nyuma ya ukuta, karibu na dirisha lake. Miezi minne alivumilia. Mwezi wa tano, kisu kikampitia kidole gumba, na kipande cha ukucha kikabaki kwenye gogo la kukatia nyama. Siku alipokwenda kwa mwenyekiti wa mtaa alitanguliza kidole na bandeji yake, barua ikafuata nyuma.

Mwenye mbwa alikuwa mjane wa miaka sabini hivi. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kushona, na macho yalipochoka akaacha magauni, akabaki na vifungo na zipu, ndipo watu wakamwita Mama Vifungo. Wanawe walikuwa mbali, wakipiga simu walipokumbuka. Nyumbani alikuwa na mbwa wawili, mmoja akimwita Babu, mwingine Mjukuu. Babu alikuwa na miaka kumi na mitatu na jicho moja lenye ukungu. Mjukuu alikuwa bado katika umri wa kutafuna viatu. Mama Vifungo aliposikia wanalalamikiwa hakugomba. Alikwenda buchani akapanga foleni kama mteja mwingine.

"Nisamehe, mwanangu," alisema zamu yake ilipofika. "Sijui wameingiwa na nini. Zamani hawakuwa hivi."

"Labda njaa, Mama."

"Basi nipe mifupa."

Tangu hapo akawa anakuja kila jioni kuchukua mifupa. Mbwa wakala, wakapata nguvu, wakabweka vizuri zaidi.

Mwenyekiti alikuwa mtu aliyechoshwa na barua. Aliisoma hii mara mbili, akakitazama kidole, akasema, "Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja kwako mimi na wajumbe wawili, tukae tusikilize kwa masikio yetu. Wakibweka, wanaondoka. Wakinyamaza, wewe utamwomba radhi mjane wa watu mbele ya hawa wote waliotia sahihi."

"Njooni tu," akasema Nusukilo. "Leteni na mito ya kuzibia masikio."

Jumatano ya wiki hiyo, jokofu la buchani likafa. Fundi akaomba siku mbili, na Nusukilo akabaki nyumbani akibembeleza bintiye wa miezi mitano. Usiku ule kimya. Usiku wa pili, kimya kile kile. Akaamka amenawiri uso.

"Unaona?" alimwambia mkewe, aliyekuwa akianika nepi uani. "Barua imewatia adabu."

"Kwani hao mbwa wanajua kusoma?"

"Sasa ni nini?"

Mkewe akamwonyesha kamba iliyofungwa juu ya ukuta wa Mama Vifungo. Ilikuwa tupu. Pale ndipo Nusukilo alipotundika aproni yake kila jioni akitoka kazini, na chini yake alipindua mabuti, tangu mkewe alipojifungua na kupiga marufuku vitu hivyo kuingia ndani penye mtoto.

"Mtoto ana miezi mingapi?" mkewe akauliza. "Na mbwa wameanza lini kubweka? Baba wee, unawatundikia bucha zima puani, halafu unawashtaki kwa kunusa. Kweli nyani haoni kundule."

"Naifua kwa sabuni."

"Pua yako ilikufa zamani."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Ijumaa jokofu likapona, akafanya kazi kutwa nzima, na jioni akaiacha aproni buchani pamoja na mabuti, akarudi nyumbani na ndara. Mbwa hawakutoa hata sauti ya kukohoa. Akalala chali, macho dirishani, akajua.

Sasa hapa ningependa kusema kwamba asubuhi alivuka akabisha hodi kwa Mama Vifungo. Ilikuwa hatua thelathini. Lakini Jumamosi ile mteja wa kwanza alimuuliza, "Leo ndiyo leo, eh?" na wa pili akamtania kuhusu mito, na kufikia saa nne mtaa mzima ulikuwa unangoja matokeo. Akajiona amesimama mbele ya watu kumi na tisa akieleza kwamba kilichobwekewa miezi mitano ni aproni yake. Angechekwa mpaka kufa, na baada ya kufa wangemalizia. Akajiambia kwamba mbwa si watu. Akajiambia kwamba watapelekwa shambani, penye nafasi. Jioni akaikunja aproni bila kuifua, akaileta nyumbani ndani ya mfuko, akaitundika ukutani. Mkewe alimwona kupitia dirisha la jikoni. Akafunga pazia.

Mwenyekiti na wajumbe wake walikuwa hawajamaliza chai Mjukuu alipoanza. Babu akapokea. Ikawa kelele ya kumfanya mtu asisikie kijiko chake.

"Hii imezidi," akasema mwenyekiti, akaandika.

Jumapili likaja gari dogo la mizigo. Mbwa wakapelekwa nje ya mji, kwenye shamba la kuku ambalo msimamizi wake alihitaji walinzi. Mama Vifungo aliwapandisha mwenyewe, akampa dereva kipande cha blanketi alichokuwa akilalia Babu. Kisha akaingia ndani. Nusukilo aliyaona yote hayo kwa kuchungulia.

Alikuwa ametaka kimya, akakipata, na usingizi ukamkataa. Alilala saa tatu akaamka saa sita akisikiliza. Upande wa pili hakukuwa na kitu, ila mara moja moja mlango wa Mama Vifungo ulifunguliwa, ukakaa wazi kidogo, ukafungwa. Mkewe aligeukia ukutani. "Umelikoroga," alimwambia siku moja, "linywe." Na alikuwa na haki.

Siku ya nane Mama Vifungo alikuja buchani. Hakutaka mifupa. Alitaka robo tu, ya kwake peke yake, na alipokuwa akingoja akanyoosha shingo kutazama mkono wa Nusukilo.

"Kidole kimepona, mwanangu?"

"Kimepona, Mama."

"Afadhali. Maana nilikuwa silali nikikifikiria."

Nusukilo alimhudumia, akashindwa kumhudumia aliyemfuata. Alifunga bucha saa tano za asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaenda kwa Mama Vifungo akiwa na aproni yake mwilini. Akaketi kwenye kigoda cha wateja wa zipu, akaeleza habari za kamba, za mtoto, za harufu. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Alieleza kila kitu isipokuwa kwamba Jumamosi ile alikuwa ameshajua. Hapo alipima nusu, kama kawaida yake.

Mama Vifungo aliiweka chini zipu aliyokuwa akishona.

"Kwa hiyo halikuwa kosa lao."

"Halikuwa lao, Mama. Ni langu. Nitaenda kumwambia mwenyekiti leo leo."

Na kweli alikwenda, na mwenyekiti alicheka mpaka akashika mbavu, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unacheka. Ile aibu aliyoiogopa ikapita ndani ya siku moja. Kumbe ilikuwa ndogo hivyo! Hilo lilimuuma kuliko kuchekwa kwenyewe.

Kesho yake aliazima gari, wakaenda pamoja. Mama Vifungo alivaa nguo ya kutokea. Njiani alizungumza sana, habari za Babu alivyomleta nyumbani akiwa mdogo ndani ya kikapu cha nyuzi, na Nusukilo akaitikia, "Eh, Mama," akikaza macho barabarani.

Msimamizi aliwafungua mbwa. Mjukuu akaja mbio, akampita Mama Vifungo, akamrukia Nusukilo, akamlamba mikono. Babu akafuata polepole, amekonda. Mama Vifungo akamwita, akainua mkono ampapase. Babu akalala chini papo hapo, akabana mkia, akajikojolea.

Mkono wa Mama Vifungo ulibaki hewani.

"Nilikuwa nampiga," akasema. "Miaka kumi na mitatu sijawahi kumgusa. Barua ilipokuja ndipo nikaanza. Kila akibweka natoka na kandambili." Akaushusha mkono. "Halafu wiki ile ya mwisho wakanyamaza. Siku tatu nzima. Nikasema, kumbe wamenisikia. Nikamshukuru Babu kabisa, kama mtu. Jumamosi wakaanza tena, na wageni wako wapo. Nikaona Babu ananikomoa. Nilimpiga usiku ule mpaka kandambili ikakatika."

Hakuna aliyejua habari za Jumamosi ile ila mkewe, na mkewe asingesema. Nusukilo angeweza kunyamaza hapo na akazeeka nalo.

"Mama," akasema, "Jumamosi ile nilikuwa nimeshajua. Niliitundika makusudi."

Mama Vifungo akamgeukia. "Kwa nini?"

"Nisionekane mwongo mbele ya watu."

Hakumtukana. Nusukilo alitamani amtukane. Mama Vifungo alichukua kamba kwa msimamizi, akainama kumfunga Babu, na Babu akajivuta nyuma, akazunguka, akajificha kati ya miguu ya muuza nyama. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Basi akamnyooshea Nusukilo ile kamba bila kumtazama usoni.

"Mfunge wewe," akasema. "Wewe hakuogopi."