Mbwa Aliyefunga Kwaresima

Harufu ya samaki wa Ziwa Tshangalele wakikaangwa kwa mafuta ya mawese bado inanirudisha kwenye Kwaresima moja, nyumbani kwetu Likasi, Kongo, nilipokuwa na miaka tisa na mbwa aliyeitwa Bobi.

Nyinyi mliojiandaa kwa komunyo ya kwanza mtanielewa. Katekista alikuwa ametufundisha kujinyima, nami niliapa kuacha sukari kwenye chai. Nilivumilia siku mbili. Ijumaa asubuhi Bobi alinusa bukari yake, ule ugali wetu wa kila siku, akageuza uso. Baba alikuwa akifunga kamba za viatu aende kiwandani. Akacheka.

“Ona! Hii imbwa inafunga Kwaresima kutupita siye bote.”

Baba alikuwa anatania, ila mimi nilimwamini, na nilijaa fahari. Tangu hapo, kila mama alipomtilia Bobi chakula, nilikwenda kukimwaga nyuma ya choo ili asije akashawishika, kisha nikaiosha sahani. Mama aliiona imetakata, akaridhika. Maji nayo Bobi hakuyagusa. Hilo nililihesabu kuwa utakatifu wa ziada.

Jumatatu jioni baba alirudi na baiskeli yake. Siku zote Bobi alikuwa akimkimbilia hadi kwenye kona. Siku hiyo alitikisa mkia mara moja tu, amelala palepale. Mama aliinama, akamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo.

“Baba Odile, usiweke baiskeli. Hii imbwa iko mugonjwa sana,” mama akamwambia baba, akimwita kwa jina langu.

Tulimfunga Bobi ndani ya kikapu nyuma ya baiskeli, tukamsukuma hadi kwa daktari wa wanyama, karibu na soko. Alimpapasa tumbo, akachomoa kupe masikioni.

“Siku ngapi haiyakula?”

“Inakulaka kila siku, dokta,” mama akajibu.

Nilikuwa nikingoja kwa hamu kuulizwa swali hilo.

“Hapana, mama! Siku ine! Na mayi pia hapana!”

Nilisema kwa majivuno. Daktari akanitazama, kisha akamtazama baba. Hakuna aliyenigombeza. Daktari alisema ni ugonjwa wa kupe, na kwamba kama tungemleta siku ya pili, sindano ingetosha. Alimchoma hata hivyo. Bobi alikufa Jumanne kabla ya saa sita mchana, na nililia mpaka nikatapika.

Leo nina paka. Akiacha mlo mmoja, namchunguza. Akiacha wa pili, na maji pia, namfunua fizi na kumpigia daktari simu, hata watu wakinicheka. Nilichelewa kuelewa kwamba mnyama hafungi. Bobi aligeuza uso kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kuniambia kwamba anaumwa. Aliniambia siku nne mfululizo, nami kila siku nilimpapasa kichwa, nikamsifu, nikamwambia avumilie hadi Pasaka.