Shubiri Moja ya Nyumba ya Mahujaji

Alama nyekundu ya kubomoa ilikuwa imepakwa kwenye ukuta wa mbele, na Mama Chokaa aliiona kabla hajatua ndoo. Kijiji bado kiliiita nyumba yao Nyumba ya Mahujaji, ingawa mahujaji waliacha kulala humo tangu barabara kuu ilipochongwa ng'ambo ya kilima, bibi yake angali hai.

"Wanabomoa Ijumaa," mdogo wake alimwambia. "Mhandisi amepima, ukuta umelalia ndani shubiri nzima. Dada, tukubali tu. Nyumba imechoka."

"Umechoka wewe. Nyumba haijasema kitu."

Alikuwa mwashi kwa miaka arobaini, kazi aliyofundishwa na baba yake. Watani walidai hata poda yake ya usoni ni chokaa.

Ijumaa mhandisi wa halmashauri alifika, tingatinga likinguruma nyuma yake.

"Mwanangu, ulipimia wapi?"

"Hapa nje, mama." Alining'iniza tena timazi, uzi wenye kitu kizito nchani. Chini uzi uligusa ukuta. Juu ulibaki mbali, shubiri kamili.

"Na ndani?"

Mhandisi akakohoa. Mlango wa nyumba ile ni mfupi, mtu huingia ameinama kama anayetafuta sindano. Yeye hakuwa ameinama.

Sasa aliinama. Mama Chokaa alitundika timazi yake mwenyewe kwenye boriti, wakasubiri itulie. Uzi ulifuatana na ukuta hadi sakafuni, bila mwanya wa kupitisha ukucha.

"Haiwezekani. Nje umelala, ndani umesimama?"

Mama Chokaa alipiga magoti kwenye kona ambako mahujaji walinawa miguu, akabandua kwa patasi udongo aliozibia bibi yake. Tundu la kutolea maji likafunguka. Akaingiza fimbo.

"Imetoka!" mdogo wake alipaza sauti kutoka nje.

Akatia alama, akapima: shubiri nne. Kisha akapanda ngazi, akapitisha fimbo ileile kwenye tundu la hewa chini ya paa. Shubiri tatu.

"Shubiri yako hiyo hapo," alisema. "Wazee waliujenga mnene chini, mwembamba juu, ubebe dari iliyolaza watu thelathini. Wewe ulipima koti, mvaaji hukumpima."

Mhandisi alicheka bila kutaka. Alitoka, akampungia dereva ageuze tingatinga.

"Ripoti nitaiandika upya, mama."

"Utaandika. Anza na hii." Akamkabidhi brashi na ndoo ya chokaa.

Mhandisi aliirusha tai begani, akaifuta alama yake kwa mkono wake, majirani wakimsimamia.

"Bado kona, mhandisi!" mdogo wake alimchokoza. "Au nayo imelala?"

Mama Chokaa alirudi ndani, akamimina maji konani. Yakasita kidogo, yakanguruma, yakatokea nje yakiwa na udongo wa miaka mingi, yakamlowesha mdogo wake viatu.

"Dada!"

"Karibu, hujaji," alijibu kutoka ndani. "Nawa miguu uingie."